Barua pepe ya "benki": soma anwani kwanza

Fedha za tumbaku zikianza kuingia kwenye akaunti za watu huku Tabora, kuanzia Urambo hadi Kaliua, napokea picha nyingi za barua pepe. "Kaka, hii ni ya kweli?" Kazi yangu ni usalama wa mifumo, na mara nyingi picha yenyewe hainisaidii. Ninachotaka kuona ni anwani.

Wengi bado wanaamini barua ya tapeli hujulikana kwa Kiswahili kibovu. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi matapeli wana programu zinazowaandikia Kiswahili safi kabisa, na nembo ya benki ni picha tu, yeyote anaipakua.

Mwalimu mmoja wa Isevya alinionyesha yake. Mtumaji: "Huduma kwa Wateja". Akaunti yako ya mshahara itafungwa ndani ya saa 24, hakiki taarifa zako hapa. Salamu za heshima, nembo imekaa vizuri, na chini kabisa onyo la kujihadhari na matapeli! Nikamwomba aguse jina la mtumaji. Ikatokea anwani ya bure, ya aina anayoweza kufungua mtu yeyote. Kwenye linki nikamwambia asibonyeze, ashikilie kidole mpaka anwani yote ionekane. Ilikuwa na muundo huu:

https://benkiyako.co.tz.uhakiki-akaunti.com/ingia

Hapa ndipo watu wanaponaswa. Tunasoma kutoka kushoto, tukishaona jina la benki tunaridhika. Anwani ya mtandao isome kinyume. Ruka zile // za mwanzo, tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata, kisha rudi kushoto. Jina lililogusana na mkwaju huo ndilo la mwenye nyumba: uhakiki-akaunti.com. Yote yaliyotangulia, mwenye tovuti hujiandikia apendavyo. Hata .go.tz, ambayo ni ya taasisi za serikali, ikikaa katikati haina maana yoyote. Lazima iwe mwisho, kabla ya mkwaju. Na alama ya kufuli isikutulize. Inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa yakiwa njiani, na tovuti ya mwizi nayo huwa na kufuli.

Mwalimu akauliza: "Lakini si kuna ile namba inayokuja kwa meseji? Bila hiyo wataingiaje?" Swali zuri sana. Ukiandika neno la siri kwenye ukurasa bandia, mwizi analiingiza papo hapo kwenye tovuti halisi. Benki inakutumia namba, wewe unaiandika palepale kwenye ukurasa bandia, naye anaitumia kabla muda wake haujaisha. Namba ile umempa mwenyewe.

Ndiyo maana nasisitiza: kwenye hela yako ingia kwa njia uliyoianzisha wewe. Fungua programu ya benki, piga namba iliyo nyuma ya kadi, au nenda tawini. Kama kweli akaunti ina tatizo, utaambiwa hukohuko.

Na kama umeshajaza taarifa, usikae na aibu hiyo peke yako hata dakika moja. Piga benki wazuie akaunti. Kisha badilisha neno la siri la barua pepe kabla ya mengine yote, maana anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba maneno mapya ya siri ya akaunti zako nyingine. Ingia pia kwenye mipangilio uangalie kama kuna anwani usiyoijua inayotumiwa nakala za barua zako. Ikibaki hapo, mwizi ataendelea kukusoma hata baada ya kubadilisha neno la siri. Ile barua usiifute. Huu ni wizi unaoshughulikiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na polisi watahitaji kuiona. Ikiwa walikutumia na meseji, ipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia namba 15040.