Hakimiliki ya kimila ni nini?

Hakimiliki ya kimila ni haki ya kumiliki ardhi ya kijiji nchini Tanzania kwa mujibu wa mila za wenyeji. Inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Ardhi yote nchini ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Mwanakijiji anachomiliki ni haki ya kuitumia, kuirithi na kuirithisha. Kisheria, haki hiyo ina hadhi sawa na ya mwenye hati ya kiwanja mjini.

Wengi huchanganya haki na hati. Anayelima shamba la ukoo kihalali ana haki tayari, hata bila karatasi. Hati ni ushahidi, na umuhimu wake huonekana mwekezaji anapokuja, au mume anapofariki na ndugu zake wakataka kumwondoa mjane shambani.

Kabla ya hati kutolewa, kijiji kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji na masjala ya kutunzia kumbukumbu. Mwombaji hujaza fomu na kuipeleka Halmashauri ya Kijiji, kisha shamba huhakikiwa na kupimwa mbele ya majirani wote wanaopakana nalo. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mmiliki huweka saini au dole gumba, na ofisa ardhi wa wilaya huisajili na kuigonga muhuri.

Makosa mengi hufanyika kwenye uhakiki. Jirani akikosekana siku ya kupima, mpaka huja kukataliwa baadaye. Mapito ya mifugo humezwa na mashamba. Kosa baya zaidi ni kuandika jina la mume peke yake, ilhali sheria imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Mke ahakikishe jina lake limo kwenye fomu kabla haijasainiwa.

Hati inaweza pia kuwa ya kikundi. Mwaka 2011 Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walipata ya namna hiyo. Kwa wawindaji na wafugaji ndiyo inayofaa: mvua hainyeshi kila mahali kwa pamoja, na malisho yakigawanywa vipandevipande, hakuna kipande kitakachotosha mifugo kiangazi.

Mgogoro ukizuka, huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Baraza hili husuluhisha tu. Wasiokubaliana huenda Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.