Usikate bua la airisi mapema

Ua la airisi halidumu. Siku mbili tatu baada ya kufunguka linanywea, linajikunja na kuwa uteute unaopaka vidole kama wino. Hapo ndipo wengi hushika mkasi na kukata bua zima. Ngoja! Bua moja la airisi yenye ndevu, ile yenye manyoya kwenye petali za chini, hubeba matumba kadhaa, na hayafunguki kwa pamoja. Mimi hung'oa kwa vidole ua lililonyauka peke yake, pamoja na kinundu cha kijani kilicho chini yake, bua nikaliacha liendelee.

Kinundu hicho kimeshanichanganya, nikang'oa tumba zima. Siku hizi napapasa kwanza. Tumba limechongoka, na nchani rangi inachungulia. Kinundu kigumu, kinene katikati, kimebaki na kovu pale ua lilipodondoka. Ukikiacha kitajaa mbegu, nazo zitakula chakula ambacho tunguu, yaani shina nene linalolala ardhini, lingewapa machipukizi yake ya pembeni. Hao ndio wa kulindwa, maana tunguu lililokwisha kutoa bua halichanui tena. Maua ya baadaye yatatoka kwa watoto wake. Na mbegu za airisi chotara zenyewe hazifuati mama.

Tumba la mwisho likiisha, kata bua chini, sentimita 2 au 3 juu ya tunguu, kwa mshazari ili maji yasituame. Chagua siku kavu. Futa mkasi kwa spiriti kila unapohamia mmea mwingine, kwa kuwa bakteria wa uozo hupitia kwenye jeraha, na harufu ya tunguu lililooza ukiinusa mara moja inatosha. Wapo wanaolivunja bua kwa mkono. Nilijaribu, nikabaki nimeshika bua na tunguu lake. Vaa glavu, utomvu unawasha.

Majani mabichi usiyaguse hata kama yanaharibu sura ya bustani. Ndiyo yanayolisha tunguu.

Haya yote hayahusu Dietes iridioides, ile inayoitwa airisi ya Afrika. Bua lake huishi miaka na kuchanua tena na tena, kwa hiyo natoa maganda ya mbegu tu. Neomarica, jamaa mwingine wa airisi, nayo huotesha mche nchani mwa bua, ukainamisha bua mpaka chini ukashika mizizi. Bua hilo silikati mpaka mche ujitegemee.