Kitabu cha Mwanamfalme Harry: yanayosemwa na yaliyomo

Hapa Bombo, Uganda, kwenye vibanda vya chai karibu na kambi ya jeshi, kitabu cha Mwanamfalme Harry wa Uingereza kimesemwa kuliko kilivyosomwa. Kinaitwa Spare, jina lisilohitaji mkalimani kwetu: ni spea, tairi linalolala nyuma ya gari mpaka jingine lipasuke. Anaandika alivyosimuliwa kwamba siku alipozaliwa, baba alimwambia mama, sasa umenipa mrithi na spea.

Ubishi mkubwa ni wa wale 25 anaosema aliwaua vitani. Wazee wetu waliowahi kuvaa magwanda wanashikilia kwamba kijana alijigamba kuua. Idadi kaitaja kweli, ya Taliban aliowaua Afghanistan akiwa kwenye helikopta ya Apache. Ila hapo hapo anasema haikumpa furaha wala haikumtia aibu. Mbona basi ilitufikia kama majigambo? Kitabu kilipangwa kutoka tarehe 10 Januari 2023, lakini maduka ya Hispania yakawahi kukiuza, kwa Kihispania. Magazeti yakanyofoa vipande, yakavirudisha kwenye Kiingereza, na vipande hivyo ndivyo vilivyoingia kwenye simu zetu. Siwalaumu wazee, maana hata Uingereza wapo wanajeshi wastaafu waliochukia. Mimi naona idadi ile angeimeza tu.

Wengine huapa kwamba humo kamtaja ndugu yake aliyeuliza mtoto wa Harry atakuwa na rangi gani. Hamna. Hilo lilitoka kwenye mahojiano na Oprah Winfrey, Machi 2021, na hata huko jina halikutajwa. Kitabuni kalikwepa kabisa, nalo ndilo tulilokuwa tukilitafuta sisi!

Eti hakuandika mwenyewe, kwa hiyo ni uongo? Alisaidiwa na mwandishi J. R. Moehringer, na mwishoni anamshukuru kwa jina. Kuandikiwa si kutungiwa.

Halafu kuna hili la kwamba kuanika mambo ya ikulu ni tabia ya Wazungu. Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda hapa Uganda, aliyekimbia jumba lake la Lubiri lilipo­shambuliwa na jeshi la serikali mwaka 1966, alichapisha kumbukumbu zake London mwaka uliofuata. Binti mfalme Elizabeth wa Toro, ufalme mwingine wa hapa Uganda, naye kaandika zake. Tofauti ni kwamba Mutesa aligombana na serikali ya Rais Obote, Harry na baba na kaka.

Nimeuliza pale kwenye chai nani kakisoma cha Mutesa. Wakaagiza chai nyingine.