Je, wajua? Ukimchoma mwenzako bisibisi angani, kesi yako inasikilizwa wapi?

Alfajiri moja barazani Mikindani, Mtwara, muuza kahawa akiwa bado anagongesha vikombe vyake, kitu kama nyota kilitokeza juu ya minazi, kikapita juu ya ghuba kimya kimya bila kumetameta, na baada ya dakika chache kikapotea upande wa bahari. Kijana mmoja akatoa simu na kutuonyesha: ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu, kinachoizunguka dunia kila dakika 90. Na ndani yake mna watu.

"Sasa hao wakigombana humo," akauliza, "mmoja akamchoma mwenzake bisibisi, askari wa wapi atapanda kwenda kumkamata?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja, baharia wa majahazi enzi zake, hakucheka. Aliweka kikombe chini akauliza: "Kina bendera ya nani?"

Mzee alikuwa amekwisha jibu nusu ya swali bila kujua.

Sisi watu wa nchi kavu tumezoea sheria inayoshika ardhi. Nenda Daraja la Umoja pale Mtambaswala, juu ya mto Ruvuma. Ukiwa upande huu na gunia la korosho za kangomba, yaani za magendo, askari wa Tanzania anakuhusu. Ukishavuka, ni shauri la Msumbiji. Lakini baharini, ukishapita maili 12 kutoka pwani, hakuna ardhi ya mtu. Ndiyo maana mabaharia wakashika bendera: chombo kikiwa bahari kuu, kinabeba sheria ya nchi kilikoandikishwa.

Na bendera si kitambaa tu, watu wa mwambao huu wanalijua hilo zamani. Karne ya 19 majahazi ya watu wa Sur, Omani, yalikuwa yakija Afrika Mashariki, na baadhi ya wenyewe wakajipatia hati na bendera za Ufaransa. Faida yake? Manowari za Waingereza zilizokuwa zikisaka vyombo vya watumwa hazikuweza kuyapekua hivi hivi. Ugomvi ule wa Waingereza na Wafaransa juu ya majahazi ya Maskati ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya The Hague, na mwaka 1905 waamuzi wakaiwekea Ufaransa mipaka: nani inaweza kumpa bendera yake na nani haiwezi.

Mataifa yalipoandika Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 yalikwenda njia ileile ya bahari kuu. Ibara ya 2 inasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha anga za juu, wala mwezi. Ibara ya 8 inasema nchi iliyosajili chombo inabaki na mamlaka juu ya chombo hicho na watu wake, wawe angani au wawe wameshuka juu ya mwezi. Kwa hiyo wanaodhani kule juu ni porini kusiko na sheria wamekosea. Roketi ikiruka na chombo kilichosajiliwa Marekani, sheria za Marekani zinapanda nacho. Wamarekani wenyewe wameandika hata saa ya kuanza: tangu milango yote ya nje inapofungwa hapa duniani abiria wakishaingia, mpaka mlango mmoja ufunguliwe duniani washuke.

Shida ni kwamba kile kituo tulichokiona Mikindani si chombo cha bendera moja. Ni vyumba vilivyounganishwa, na kila mshirika amesajili vya kwake. Chumba cha Kibo ni cha Japani, Columbus ni cha Ulaya, Destiny ni cha Marekani, Zvezda ni cha Urusi. Unajisukuma kidogo kwa kidole, unaelea, umetoka Japani umeingia Marekani. Kwa mambo ya uvumbuzi hesabu hiyo inatumika kweli: ukibuni kitu ndani ya Kibo, ni kama umekibuni Japani.

Lakini kwa makosa ya jinai wakaona hapana, na mimi naona walikuwa na busara. Fikiria mtu anayeelea mlangoni, miguu iko Japani na ngumi iko Marekani. Mkataba wa kituo hicho, uliotiwa saini mwaka 1998 na nchi 15, ukaamua kwenye ibara ya 22 kutazama pasi ya kusafiria kwanza. Aliyefanya kosa ni raia wa nchi gani? Nchi hiyo ndiyo yenye haki ya kumshtaki. Hapo baharia wetu angeshangaa kidogo, maana bendera ya chumba imewekwa kando.

Haikutupwa kabisa, hata hivyo. Mwaka 2018 hewa ilianza kuvuja kituoni, wakatafuta, wakakuta tundu la milimita 2 hivi kwenye chombo cha Urusi cha Soyuz kilichokuwa kimetia nanga pale. Lilizibwa kwa utepe, kisha kwa gundi ngumu. Urusi zikasikika sauti kwamba tundu lile lilitobolewa kwa makusudi, hata vidole vikanyooshewa Wamarekani, nao Wamarekani wakakataa katakata. Hakuna aliyeshtakiwa. Tuseme tu, kwa mfano, kwamba kweli Mmarekani angetoboa chombo cha Mrusi. Urusi ingeomba mashauriano na Marekani. Marekani ingekuwa na siku 90 ama kukubali Urusi imshtaki mtu wake, ama kuahidi kwamba yenyewe itampeleka mbele ya vyombo vyake vya sheria. Isipofanya lolote kati ya hayo, Urusi inaweza kumshtaki.

Kesi iliyowahi kukaribia kuwa ya kweli haikuwa ya bisibisi wala ya tundu, ilikuwa ya benki. Mwaka 2019 mwanaanga mmoja wa Marekani alilalamikiwa na mwenzi wake waliyekuwa wakiachana kwamba aliingia kwenye akaunti yake ya benki akiwa kituoni. Mshukiwa Mmarekani, akaunti ya Marekani: hapakuwa na fumbo la mamlaka hata kidogo. Uchunguzi ulifanyika, na mwaka 2020 aliyejikuta ameshtakiwa ni mlalamikaji, kwa kusema uongo.

Kijana hakutosheka. "Na Mtanzania je? Sisi hatumo kwenye hizo nchi 15."

Kweli, mkataba wa 1998 ni wa washirika tu, na mtalii wa nchi nyingine anaacha pengo. Ila Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 6, inamfuata raia wa Tanzania kwa kosa alilolitenda nje ya nchi. Haikutaja anga, lakini nje ni nje. Kanada haikutaka kubahatisha: mwaka 2022 ilirekebisha sheria yake ya jinai ili iwahusu wanaanga wake hata wakiwa mwezini.

"Kukamatwa sasa," mzee akakumbusha. "Kijana aliuliza askari."

Askari hakuna. Yupo kamanda wa kituo, ambaye kama nahodha anaruhusiwa hata kutumia nguvu kiasi kulinda watu na chombo. Baada ya hapo ni kusubiri usafiri wa kurudi. Soyuz ina viti vitatu, watu wamekunja magoti yanagusana, na tangu kung'oa nanga mpaka kutua ni zaidi ya saa tatu. Aliyechoma na aliyechomwa, kama walikuja pamoja, watarudi hivyo hivyo, bega kwa bega.

Mzee akasukuma kikombe chake kwa muuza kahawa kijazwe tena. "Huyo wa katikati," akasema, "ndiye namwonea huruma."