Baghala hazai, sawa, lakini sababu si hiyo mnayoambiana

Hapa Mombasa ukitaja baghala tu, yule chotara wa punda dume na farasi jike, mtu atakwambia hazai manake damu imechanganyika, ni mnyama mbovu. Ubovu gani jamani? Baghala anamshinda punda kwa nguvu na miaka anaishi mingi tu. Kinachomkwamisha ni mbegu za uzazi: farasi ana kromosomu (zile nyuzi zinazobeba jeni, yaani maagizo ya urithi, ndani ya seli) 64, punda 62, yeye kapata 63, na mbegu zikianza kutengenezwa kila kromosomu yatafuta mwenzake wa kupangana naye, isipompata kazi imelala.

Sasa wakishasikia hivo wanarukia kusema basi utasa wote ni hesabu ya kromosomu. Hapana. Kule Laikipia punda milia wa Grevy wana 46, wa kawaida 44, na machotara wao wanazaa vizuri. Halafu tizama mbu wetu wa pwani: Anopheles gambiae, arabiensis, na merus ambaye anazaliana kwenye maji ya chumvichumvi. Kwa macho huwatofautishi, kromosomu wote wana 6, lakini wakipandishwa maabara madume wanaozaliwa ni matasa, majike wanazaa kama kawaida. Na ni utasa huo huo uliowafungua macho wanasayansi miaka ya 1960, kumbe mbu waliyemhesabu mmoja ni spishi kadhaa. Haldane, mwanabiolojia Mwingereza, alishasema 1922 kwamba kwenye machotara jinsia yenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana ndo huumia kwanza, kwa mbu ni dume, kwa ndege ni jike.

Dhana inayoniudhi zaidi ni ile ya kwamba utasa uliwekwa kama kufuli, makusudi, ili spishi zisichanganyike. Dobzhansky na Muller, wataalamu wa jeni, walieleza vizuri sana hili. Chukua tuktuk mbili za aina moja, mwenye hii kabadilisha bolti, mwenye ile kabadilisha nati, zote zatembea bila shida, lakini toa bolti huku na nati kule uone kama zitashikana. Ndo jeni hizo. Makundi mawili yakitengana muda mrefu, kila moja labadilika kivyake na kila badiliko lafaa kwao, jeni zao zikija kukutana ndani ya mtoto mmoja ndo zinagombana. Hakuna jeni iliyobadilika kwa nia ya kumzuia mtu. Na tafadhali haya msiyapeleke kwa watu, binadamu sote ni spishi moja, chotara wa mtu anazaa kama yeyote.

Tena utasa si lazima ndo spishi zitengane. Furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wamefika spishi mamia ndani ya miaka kama 15,000 hivi, nyingi zikipandishwa zinazaa watoto wazima kabisa. Kinachowatenga ni jike kuchagua dume kwa rangi, huyu ataka mwekundu, yule wa buluu, na pale maji yalipochafuka rangi zikawa hazionekani wameanza kuchanganyika tena.