Ngozi Imepona, Macho Je? Dhana Potofu Kuhusu Ugonjwa wa Stevens-Johnson

Ngozi ya mgongo inabaki kwenye shuka, midomo imeganda damu, homa haishuki. Kila aliye karibu na kitanda anatazama ngozi. Macho ya mgonjwa yamevimba, yamefungwa na tongotongo zito, na mtu anasema kwa huruma: "Mwacheni, asisumbuliwe macho." Huruma hiyo imewagharimu watu uwezo wa kuona.

Ugonjwa wenyewe huitwa Stevens-Johnson: mwili unaikataa dawa, mara nyingi, na ngozi na tando laini zinababuka. Aina yake kali zaidi huitwa TEN (kifupi cha jina la Kiingereza, toxic epidermal necrolysis). Mwaka 1922 madaktari wawili wa Marekani, Stevens na Johnson, walieleza habari za wavulana wawili waliokuwa na homa, upele, vidonda vya mdomo na macho yaliyowaka vibaya. Macho yalikuwemo tangu maelezo ya kwanza kabisa, ndiyo maana inashangaza kwamba mpaka leo yanakumbukwa mwishoni.

"Tuokoe ngozi kwanza, macho yatasubiri"

Hayasubiri. Weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope vimefunikwa na utando mmoja laini, kiwambo cha jicho, nao hubabuka kama ngozi inavyobabuka. Sasa fikiria nyama mbili mbichi zinazogusana usiku kucha: kope kwa ndani, jicho kwa nje. Mwili huziponya kwa kuziunganisha. Ndani ya siku chache tu kope inaweza kuanza kushikana na jicho, na mshikamano huo ukishakomaa kuwa kovu, kuutenganisha ni kazi ya kisu, tena unaweza kurudi.

Ndiyo maana daktari wa macho anapaswa kuitwa ndani ya saa 24 tangu mgonjwa alazwe, na siku hizo za mwanzo apite kila siku. Haitoshi achungulie kwa tochi na kuandika "macho mekundu". Anatia tone la rangi ya fluoresini na kuwasha taa ya bluu. Palipobabuka panang'aa kijani, hata kama kwa macho ya kawaida hapaonekani kitu. Kisha anageuza kope ya juu na kukagua ukingo wake wote. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu inauma na mgonjwa analalamika.

"Malengelenge ni machache, basi macho yako salama"

Madaktari hupima ukali kwa eneo la ngozi lililobanduka: chini ya asilimia 10 ya mwili ni Stevens-Johnson, zaidi ya asilimia 30 ni TEN, na katikati ni mchanganyiko wa hayo mawili. Macho hayaijui hesabu hiyo. Mtu mwenye ngozi iliyoathirika kidogo anaweza kuumia macho kuliko aliyebabuka nusu ya mwili.

"Matone yoyote ya macho yatafaa"

Jicho lililobabuka ni kidonda, na kidonda hakimwagiwi chochote kilichopo kabatini. Linasafishwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, linalainishwa mara kwa mara kwa matone yasiyo na kihifadhi (kile kiitwacho benzalkoniamu hukera jicho ambalo tayari limechubuka), na pale konea (kioo cha mbele ya jicho) ilipobabuka huongezwa antibiotiki ya kuzuia maambukizi. Matone ya steroidi hutumika pia kutuliza uvimbe, lakini mkononi mwa daktari anayelitazama jicho kila siku. Ukijitilia mwenyewe unaweza kukaribisha maambukizi ya konea au kupandisha presha ya jicho bila kujua.

"Kufunika jicho kwa utando wa chupa ya uzazi ni jaribio la mwisho"

Ni kinyume chake. Utando huo hutolewa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji na kupimwa magonjwa, kisha huhifadhiwa. Ukitandazwa juu ya jicho na kope hadi ukingoni, hutuliza uvimbe na kuzitenganisha zile nyama mbili mbichi. Faida yake kubwa hupatikana ukiwekwa katika wiki ya kwanza. Kuusubiri mpaka matone yashindwe ni kuita zimamoto nyumba ikishateketea.

"Ameruhusiwa kwenda nyumbani, kwa hiyo amepona"

Hapa ndipo familia nyingi hupotea njia. Ngozi inarudi, picha zinapigwa, na miezi kadhaa baadaye mtu anakaa chumbani mapazia yamefungwa kwa sababu mwanga unamchoma. Ukingo wa kope uliopona vibaya hugeuka mgumu, mkavu kama ngozi ya kisigino, na kila anapopepesa hupita juu ya konea kama msasa. Nywele za kope hugeukia ndani na kuchoma. Vijitundu vya kutolea machozi huziba kwa kovu, na seli zinazotengeneza ute wa kuyashikiza machozi juu ya jicho hupungua. Hata yule anayetokwa machozi mengi anaweza kuwa na jicho kavu, kwani machozi hayo hayakai.

Yapo ya kufanya. Nywele zilizopinda hung'olewa. Ukingo mgumu wa kope unaweza kubadilishwa kwa kipande cha utando wa ndani ya mdomo wa mgonjwa mwenyewe. Kuna matone yanayotengenezwa kwa seramu, yaani majimaji ya damu yake, na kuna lenzi kubwa ya sklera, inayoegemea weupe wa jicho, inayojazwa maji ya chumvi kabla ya kuvaliwa, ili konea ikae ndani ya kijibwawa chake na msasa usiifikie. Kwa baadhi ya wagonjwa lenzi hiyo ndiyo iliyofungua mapazia.

"Konea ikiharibika atawekewa nyingine"

Konea mpya hutegemea seli shina, zile zinazoufanya upya uso wake, zilizo kwenye mzingo wake, na ugonjwa huu huziua. Kupandikiza konea peke yake kwenye jicho kavu lisilo na seli hizo ni kupanda mche juu ya mwamba. Kwa macho yaliyofika mwisho, daktari wa macho Strampelli wa Italia alibuni miaka ya 1960 upasuaji wa kutumia jino la mgonjwa mwenyewe kushikilia lenzi ndani ya jicho. Umbali wa kwenda kutafuta jicho mdomoni unaonyesha jinsi zile siku za kwanza zilivyo na thamani.

"Dawa hii nimeitumia wiki mbili bila shida, siyo yenyewe"

Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu mtu aanze dawa mpya. Zinazotajwa sana ni kabamazepini, fenitoini na lamotrijini (za kifafa), alopurinoli (ya jongo), nevirapini (ya VVU) na kotrimoksazoli (antibiotiki yenye salfa). Dawa inayoshukiwa husimamishwa mara moja kwa maelekezo ya daktari, wala hairudiwi maishani. Jina lake liandikwe kwenye kadi ya kutembea nayo, na mwenye kadi aionyeshe hata anapoandikiwa matone ya macho, maana yapo yenye salfa kama kotrimoksazoli.