Mbunge wako kachangia, sawa, ila kachangia lini?

Ikifika Aprili, Bunge la bajeti likianza, simu zetu hapa ofisini zinajaa klipu. Mtu anakutumia video ya dakika mbili, mbunge kasimama pale Dodoma, anapiga meza, anasema walimu hawatoshi, vijana wana digrii wako mtaani, wastaafu wanateseka, na chini yake kuna maneno "huyu ndo mbunge sasa". Sisi kwenye taasisi yetu kazi ni kufuatilia yanayosemwa bungeni na kuyaeleza kwa wananchi, kwahiyo swali linalokuja kila mwaka ni lilelile, huyu mheshimiwa anafanya kazi au anaongea tu? Na mimi huwa najibu kwa swali, kaongea lini, na kamwambia nani?

Kuna kitu wengi hawakijui, mbunge hana mamlaka ya kugawa hela. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania imeweka wazi kwamba mambo ya kodi na matumizi ya fedha za serikali Bunge haliyashughulikii mpaka Rais apendekeze na waziri ayalete. Yaani mbunge hawezi kusimama akasema naongeza bilioni kadhaa za kuajiri walimu, afu ikawa. Anachoweza ni kuuliza, kushauri, kubana na kukataa, na hata hiyo ya kukataa ina mtego wake, maana Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge likigoma kupitisha bajeti. Unadhani wangapi wako tayari kurudi kuomba kura kabla ya muda?

Sasa ndo maana lini ni muhimu kuliko sauti. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Lakini kwa kawaida mkutano wa Novemba ndo Bunge linakaa kama Kamati ya Mipango, linajadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa bajeti ya mwaka unaofuata. Novemba karatasi bado laini, Mei vitabu vimeshachapwa na kila fungu lina namba yake. Mbunge anayelilia ajira za walimu mwezi Mei tu ni kama mtu anaekuja kwenye kikao cha harusi siku ya ukumbi umeshalipiwa, akadai watu waongezwe. Cha ajabu klipu za Novemba hakuna anaetuma.

Halafu kuna suala la kamwambia nani. Shule za msingi na sekondari za serikali zinasimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), Wizara ya Elimu yenyewe inashika sera, mitaala, ubora, vyuo. Kibali cha kuajiri kinatoka Utumishi, ofisi inayosimamia watumishi wa umma. Kwahiyo unakuta mbunge kawaka kweli kweli kwa Waziri wa Elimu kuhusu madawati ya kata yake, watu wanashangilia, na waziri hapo hana hata dawati moja kwenye fungu lake. Na ile mikopo ya asilimia 10 ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu (4, 4 na 2) inatoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya hoja za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), ikaja kurudi 2024. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza la madiwani, sasa kama vikundi vya kwenu vimenyimwa mkopo muulize alisema nini huko barazani, Dodoma hapo ni mbali bure.

Ila nisiwe mkali sana, kuna mahali Mei na Juni pana uzito wake. Ukiwahi kusikia mbunge anasema "nisiporidhika nitashika shilingi", hiyo sio mbwembwe. Ikifika jioni ya kupitisha bajeti ya wizara, Bunge linageuka Kamati ya Matumizi, katibu anasoma mafungu, wakifika kwenye kifungu chenye mshahara wa waziri hapo mbunge anasimama anataka maelezo ya jambo moja la sera, tuseme makato ya mikopo ya wanafunzi. Waziri anajibu. Mbunge hajaridhika, anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa waziri, wenzake wanasimama kumuunga mkono na mjadala unafunguliwa palepale na waziri amekaa anaandika vikaratasi. Shilingi yenyewe haina maana, shida ni kwamba bajeti yake haisogei. Mara nyingi inaisha kwa ahadi na yule mbunge anasema kwa heshima narudisha shilingi. Ahadi hiyo ndo ya kuiandika, kwasababu imetolewa na waziri, iko kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge), na mwakani anaweza kuulizwa. Tatizo muda wa kamati ni mfupi, ukiisha mafungu yanapita kwa mkupuo na waliokuwa kwenye foleni ndo basi tena.

Matokeo yanachelewa, hilo nalo watu hawalipendi. Kikokotoo cha pensheni, yaani hesabu ya mstaafu analipwa kiasi gani, kilizua kelele 2018 baada ya mifuko ya pensheni kuunganishwa, Desemba mwaka huo Rais Magufuli akasimamisha kanuni ile, 2022 ikaja asilimia 33 ya mkupuo (ile sehemu mstaafu anayolipwa kwa mara moja), wabunge wakakisema tena na tena, walimu na manesi wanakaribia kustaafu wanapiga hesabu usiku, na ilipofika bajeti ya 2024/25 ndo serikali ikatangaza 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Nani apewe sifa hapo? Mimi siwezi kumtaja mmoja, ni mlundikano.

Na wakati mwingine mbunge anashindwa kura na hoja inabaki hai. Mwanzoni mwa 2013 James Mbatia, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, alileta hoja binafsi kuhusu udhaifu wa elimu, akahoji mpaka mtaala wenyewe uko wapi. Bunge likachafuka, hoja haikupita. Mwezi haukuisha, matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yakatoka, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wamepata daraja sifuri, Waziri Mkuu wa wakati huo, Pinda, akaunda tume. Ukipima mchango kwa kura, ule ulikuwa sifuri pia! Mtaala mpya ulikuja kuanza kutumika Januari 2024.

Kwahiyo wewe ukitaka kujua wako anafanya nini usisubiri klipu. Taarifa rasmi za majadiliano, zile Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge bure kabisa, zina mafaili makubwa kidogo ila zinafunguka hata kwa simu. Tafuta jina lake kwenye mkutano wa Novemba kwanza. Kisha nenda kwenye maswali, angalia aliuliza swali la msingi lipi na la nyongeza lipi, na jibu lilikuwaje, maana likija lile la "kadri ya upatikanaji wa fedha" ujue hapo hakuna kitu, na kama hakurudi kuuliza tena mkutano uliofuata basi alikuwa anajaza daftari. Zile pongezi za mwanzo zinazokula muda ziruke. Mwisho fungua siku ya Kamati ya Matumizi ya TAMISEMI, telemka hadi karibu na mwisho wa faili, usiku wa saa mbili hivi, uone kama jina lake lipo kati ya waliosimama kudai maelezo au halipo kabisa.